Samaki Aliyekataa Kupasuka

Nyinyi mlioingia darasa la kioo mwaka huu, nimewaona. Nilipita chuoni juzi kurudisha aproni ya ngozi niliyoondoka nayo nilipostaafu, nikachungulia dirishani. Mmoja wenu alikuwa anapepea kipande cha kioo kwa daftari ili kipoe. Akakitazama, akaridhika, akanyoosha kidole. Nilisubiri tu. Kelele ilipotoka nikashika njia ya kurudi kwangu mtaa wa Manyatta, nikijua chuo bado kinafundisha.

Hilo ndilo somo la kwanza: kioo cha moto na kioo baridi vinafanana. Ugali wa moto hutoa mvuke, na binadamu akipandwa na hasira utamwona machoni. Kioo kinakaa tu mezani kimetulia, kinang'aa, kama hakijamkosea mtu. Usikiguse. Pitisha mgongo wa mkono karibu yake bila kugusa, na ngozi ya hapo itakuambia. Ikikuambia ni baridi, usiiamini papo hapo. Rudia.

Naitwa Mama Achieng'. Nilikuwa fundi wa tanuri pale chuoni hadi nilipostaafu, na kabla ya hapo mwanafunzi, na kabla ya hapo nilikata vioo vya madirisha katika duka moja mjini Kisumu. Wanafunzi walinipa jina la Mama Hebu, kwa sababu kila nilipoambiwa jambo nilisema, "Hebu nione." Sina raha na kitu nilichosimuliwa tu. Sokoni nageuza kila nyanya. Samaki naye siwezi kumla, hata awe wa dada yangu, kabla sijamgeuza nione upande wa chini ukoje. Dada yangu husema hayo ni matusi. Mimi humjibu kwamba nimekutana na samaki wengi walioungua kule chini huku mpishi ananitazama usoni akisema karibu.

Tabia hii niliipata dukani. Wateja wa vioo ni waongo, tuambiane ukweli. Mtu anakuja na dirisha lililovunjika na hadithi yake tayari: ni upepo, ni ndege, kimejipasukia chenyewe. Mwenye duka, mzee mpole asiyependa kubishana, alinifundisha kumwacha mteja aongee huku mimi nikikihoji kioo. Kioo kilichopigwa kina jicho. Ni mahali pamoja ambapo nyufa zote zinaanzia, na ukipitisha kidole hapo utasikia kishimo na unga. Kioo kilichojipasukia hakina jicho. Ufa wake unaanza ukingoni na kwenda zake ukijipinda, kama mtu anayetembea bila haraka. Kuna bwana mmoja aliapa kwamba dirisha lake limevunjwa na mvua ya mawe. Nilipapasa nikakuta unga uko upande wa sebuleni. Nikamuuliza siku hizi mvua inanyeshea kwenye viti? Alichukua kioo chake kipya bila kuaga, na mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikiwa mtu mzima mwenye binti wa sekondari, chuo kikafungua darasa la sanaa ya kioo. Niliacha kazi ya duka nikajiandikisha. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa ameambiwa aanzishe darasa hilo kwa tanuri lile lile la vyungu, na hakujifanya anajua kila kitu. "Hii mimi mwenyewe sijui," angesema, "tuchome tuone." Nilimpenda kwa hilo, ingawa mwanzoni nilishuku kwamba anajua na anatuficha.

Kioo chetu kilikuwa chupa tu. Kila Jumamosi nilizunguka baa za Manyatta nikijaza gunia, nikarudi nalo begani likilia. Majirani waliona mjane anaingia na gunia la chupa za pombe wiki baada ya wiki. Mwishowe akina mama wa kanisa wakaja kuniombea. Niliwaonyesha karai na chupa zilizolowekwa ili karatasi zitoke, nikaeleza habari za chuo. Walisikiliza kwa upole mkubwa, kisha wakaomba hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni kuhusu kulaza. Kioo kikishayeyuka na kushikana, kazi haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Lazima kipoe polepole ndani ya tanuri lililofungwa, tangu jioni hadi kesho yake mchana. Mwalimu aliita kazi hiyo kukilaza. Ukifungua mlango mapema, hewa baridi inaingia, ngozi ya kioo inasinyaa wakati moyo wake bado ni wa moto, na hapo kinapasuka. Kwa hiyo mlango wa tanuri haufunguliwi, na ufunguo wa chumba hukaa na mtu mmoja. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu niliishi karibu.

Katika darasa letu kulikuwa na kijana aitwaye Omondi, wa kijiji cha Pap Onditi, mwimbaji wa kwaya na mwenye mkono mzuri kuliko sisi wote. Alivaa miwani myeusi kila mahali, hata darasani, ile ambayo watu wa boti pale Dunga, ziwani, huivaa kukata mng'ao wa maji wapate kuona chini. Mama yake alikuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa lao, na kanisa lilitaka vioo vitatu vya madirisha, kila kimoja na samaki wa ngege, yaani tilapia. Kazi hiyo ndiyo ingekuwa mtihani wetu wa mwisho, sote pamoja. Omondi akabuni samaki wa vipande vya chupa za kijani, walazwe juu ya kioo bapa cha dirisha, vyote viyeyuke na kuwa kitu kimoja. Kioo bapa nilikiomba mimi kutoka duka langu la zamani, masalio tu. Mwalimu akasema tuchome tuone.

Kioo cha kwanza kilitoka kizima, na kilikuwa kizuri, siwezi kuwadanganya. Kilipelekwa Pap Onditi kikawekwa juu ya benchi wanapokaa watoto wa kwaya. Nasikia mama yake Omondi alicheza mbele ya kanisa zima.

Cha pili tulikikuta kimepasuka mgongoni mwa samaki, kutoka kichwani hadi mkiani. Darasa zima lilisimama pale mlangoni kama watu wa msibani. Omondi hakupiga kelele. Alinigeukia.

"Mama Achieng', wewe ndio uko na kifunguo."

"Niko nayo."

"Na wewe huwezi ona kitu imefungwa uiache hivyo. Kila mtu hapa anajua."

Hakuna aliyenitetea, na kilichoniuma ni kwamba maneno yale yalikuwa na mantiki. Mwanamke anayegeuza nyanya za watu ataachaje kuchungulia tanuri? Hata mimi ningejishuku. Lakini sikuwa nimefungua. Nami nikaanza kuwashuku wote. Nilimshuku mlinzi, ambaye tulijua hupasha chai yake ukutani mwa tanuri. Nilishuku umeme, maana Kisumu umeme huondoka bila kuaga. Nilimshuku Omondi mwenyewe, kwa kuwa mwenye kulaumu haraka mara nyingi ana lake. Kioo cha tatu kilipoingia nilibandika uzi mwembamba mlangoni mwa tanuri, kwa siri, ili atakayefungua aukate.

Kesho yake uzi ulikuwa mzima, na kioo kimepasuka. Pale pale, mgongoni.

Niliwaonyesha uzi wangu. Omondi akauliza ni nani aliyeubandika. Nikasema ni mimi. Wakaangua kicheko, maana aliyebandika uzi anaweza kuubandua na kuubandika tena, na ndipo nilipojua nimekwisha.

Tuliitwa ofisini kwa mkuu wa idara, ambaye sote tulimwita Madam. Alikuwa mama wa sauti ya chini, na aina hiyo ndiyo ya kuogopa. Omondi alileta kipande cha samaki aliyepasuka akakiegemeza mbele ya kompyuta ya Madam, mgongo na mkia, kama anayeleta maiti mahakamani. Mwalimu Wafula alikaa pembeni akifuta mikono isiyo na uchafu.

"Mama Achieng'," Madam alisema, "kama ulifungua, sema tu. Chuo haiwezi kaa na mtu anaharibia wenzake kazi."

"Madam, sikufungua."

"Basi nani?"

Nilikuwa nimeacha kazi yangu ya duka kwa ajili ya chuo kile. Kisumu ni mji mdogo kwa watu wa vioo, na ukitoka kwa jina la mharibifu hakuna atakayekushikisha kisu cha kukatia. Niliona binti yangu akiulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani. Nililia, na sioni aibu kusema.

Omondi alikuwa ameinama akionyesha ule ufa, kichwa kimelala upande. Ghafla akanyamaza katikati ya neno.

"Yawa," akashangaa kwa Kidholuo. "Hii kitu inawaka."

"Nini inawaka?" Madam akauliza.

"Samaki. Skrini imekuwa nyeusi lakini samaki inawaka."

Sisi tuliona kompyuta ya kawaida na kipande cha kijani. Mimi moja kwa moja nikajua huu ni mchezo wa kunimaliza, sasa anataka kusema nina uchawi. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayecheza. Akavua miwani, akaivaa, akavua tena. Akampa Madam. Madam akalaza kichwa, mdomo ukamfunguka, akampa Mwalimu. Mwalimu alikaa nayo muda mrefu.

"Hebu nione," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile kuna mtu alitabasamu.

Nilivaa. Nilipolaza kichwa, mwanga wa skrini ulizimika, kama miwani ile inavyozima mng'ao wa maji, na katikati ya ule weusi, mahali chupa ya kijani ilipokutana na kioo cha dirisha, kulikuwa na uzi wa mwanga wenye rangi, umefuata mgongo wa samaki mzima. Kwenye mkia, ambako kipande cha chupa kililala juu ya kipande kingine cha chupa, hakukuwa na mwanga wowote. Nilivua miwani nikaikagua mbele na nyuma. Nikavaa tena, na mwanga ulikuwa pale pale.

Mwalimu Wafula alianza kuongea polepole, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko sisi. Kama ni mlango uliofunguliwa, alisema, kipande kizima kingekuwa na taabu, mkia pia. Lakini ugomvi uko hapa tu, zinapokutana hizi mbili. Kioo cha chupa kikipoa kinasinyaa kwa kiasi chake, na cha dirisha kwa kiasi chake. Vimeshikana, kila kimoja kinavuta upande wake, na ule mwanga ndio kule kuvutana. Kwenye vyungu tatizo kama hili analijua kila mfinyanzi, rangi na udongo visipopatana. "Ni mimi ningefikiria hii mapema," akasema.

Mimi nilifarijika, lakini sikuamini bado. Nilitaka ijaribiwe, na mbele ya Madam nikataka ufunguo akae nao Omondi. Tukachoma visahani viwili katika tanuri moja, kimoja cha chupa tupu, kingine cha chupa juu ya dirisha. Omondi alifunga, akaondoka na ufunguo, akarudi akafungua mwenyewe. Cha chupa tupu kilikuwa kizima. Kingine kilikuwa vipande. Alisimama na vile vipande mkononi, kisha akaniambia mbele ya wote, "Mama Achieng', nisamehe. Nilikuona vibaya." Nikamsamehe, lakini nilimwambia miwani ile tutaitumia hadi izeeke. Ndiyo ile mnayoikuta imening'inia msumarini, msidhani ni ya urembo.

Hapo ningeweza kumaliza, lakini kulikuwa na yule samaki wa kwanza, juu ya vichwa vya watoto.

Tulikwenda Pap Onditi, Omondi, Mwalimu na mimi, na miwani ya pili tuliyoazima Dunga, maana kule hakukuwa na skrini. Omondi alipanda ngazi nje akashika miwani moja nyuma ya kioo, mimi nikapanda meza ndani na nyingine, nikaigeuza taratibu mpaka anga ikazimika. Samaki aliwaka mgongo mzima. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo, na alikuwa anawaka kuliko wale waliopasuka.

Mama yake Omondi alisimama chini akiwa amejifunga leso, akinitazama mimi tu.

"Hiyo kioo iko hapo tangu Pasaka," alisema. "Imekosea nani?"

"Mama, itapasuka," Omondi akamjibu kutoka dirishani.

"Lini?"

"Hatujui. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa mwaka ujao."

"Na huyu si ndiye alipasua zile mbili?"

"Hakupasua, Mama. Tulikosea."

"Amepasua mbili, sasa amekuja kutoa ya tatu. Hiyo ni wivu, mimi naijua."

Omondi alitazama yale mabenchi. Kisha akatoa tindo mfukoni na kuanza kubandua kioo, na mama yake akatoka kanisani bila kugeuka. Mahali pake tuliweka kioo cheupe cha kawaida. Kile cha samaki Omondi hakuweza kukitupa. Alinikabidhi kikiwa kimefungwa blanketi. "Kaa nayo," alisema. "Ikipasuka, unipigie."

Nilikiweka ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda cha wageni, na wageni nikawalaza sebuleni.

Hakikupasuka. Nilimaliza chuo, nikaajiriwa kwenye tanuri lile lile, hakikupasuka. Omondi alipata kazi ya kufundisha mjini Bondo, akawa ananipigia kila Krismasi. "Imepasuka?" "Bado." Mwalimu Wafula alistaafu akarudi kwao Bungoma. Kule Pap Onditi nilibaki yule mwanamke wa Manyatta aliyeng'oa samaki wa kanisa kwa wivu. Mtu wa kule akija kununua kitu chuoni na kusikia jina langu, alikagua chenji yake vizuri. Na Omondi kila alipokwenda kwao, mama yake alimwonyesha lile dirisha jeupe kwa kidevu, bila neno, mpaka akapunguza safari.

Mnafikiri sikuwaza nyundo? Nyundo ninayo. Pigo moja, nipige simu, jina langu lisafike. Kuna siku nilikitoa sandukuni, nikakilaza mezani, nyundo ikiwa mkononi. Kilichonizuia si wema. Nilitaka kujua. Maneno ya Mwalimu nilikuwa nimeyasikia, ushahidi wa visahani nilikuwa nimeuona, lakini huyu samaki mwenyewe alikuwa hajaniambia kitu, na nikimpiga hataniambia kamwe. Nikamrudisha kwenye blanketi lake.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, nilikuwa jikoni mchana nakaanga omena, dagaa wa ziwani. Nikasikia sauti moja kutoka chumba cha wageni. Tak. Nilizima jiko. Kisha nikaenda, nikavuta sanduku, nikafungua blanketi. Ufa ulikuwa umeanzia ukingoni, ukapanda taratibu ukijipinda, ukafuata mgongo wa samaki hadi mkiani.

Nilimpigia Omondi.

"Peleka kwa Mama," akasema. "Mimi nikimpelekea, atasema nimeipiga."

Mama yake Omondi sasa ni mzee, macho yake hayana nguvu sana, lakini alinitambua nikiwa bado getini. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilifungua blanketi juu ya meza yake nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nitajuaje hukuipiga na nyundo?"

Nilitamani kumkumbatia. Miaka yote hiyo nilikuwa namchukia mtu aliyestahili kuwa mwanafunzi wangu. Nikamweleza habari ya jicho: kwamba nyundo lazima iache kishimo na unga, na nyufa zitoke hapo. Sikumshika mkono kumwelekeza. Nilirudi nyuma nikamwacha.

Alipitisha kidole juu ya ule ufa, polepole, kutoka ukingoni hadi mkiani, akarudi. Akapapasa kichwa cha samaki, akapapasa mapezi. Kisha, kwa mikono miwili, akageuza vipande upande wa pili, akaanza upya.

Alipomaliza aliacha kiganja chake juu ya kioo.

"Watoto walikuwa wanakaa hapo chini," alisema.

Nikasema ndiyo, Mama. Akavuta simu yake kutoka kifuani, akampigia Omondi, akamwambia maneno mawili tu ya Kidholuo: bi ichiem, njoo ule. Akakata bila kusubiri jibu. Halafu akapaza sauti jikoni, na chakula kikaletwa, ugali na ngege mzima wa kukaanga, akaniwekea mimi mbele.

"Kula," akasema.

Nilinawa. Nikamla yule samaki kuanzia upande wa juu, bila kuinua hata pezi nione kule chini kukoje. Nilimgeuza baadaye, upande ule ulipokwisha, kama watu wengine wote.